Kotesheni ya Kuzuia Joto la Paa: Mwenye Nyumba Akague Nini Kabla ya Kulipa?

Msimu wa kaskazi unapofika, wakazi wengi wa Nyali hulala madirisha yakiwa wazi na feni ikizunguka usiku kucha. Kati ya Januari na Machi joto la mchana mjini Mombasa hupanda mara nyingi hadi nyuzi 32 au 33, na unyevu wa bahari hulifanya jasho lisikauke upesi. Chini ya paa la mabati lisilo na kizuia joto hali huwa ngumu zaidi, na wanaoumia kwanza ni watoto wachanga, wazee, wajawazito na wagonjwa wanaoshinda nyumbani.

Suluhisho mojawapo ni kuweka kizuia joto chini ya mabati au juu ya dari. Kazi hiyo inaweza kumeza akiba ya familia ya miaka kadhaa, na hapo ndipo matatizo huanza. Mwenye nyumba hujikuta na kotesheni mbili au tatu mezani ambazo hazifanani hata kidogo. Moja ina mstari mmoja na jumla. Nyingine ina kurasa mbili za vipimo. Ya tatu ni nafuu, na fundi amesisitiza kuwa bei hiyo ni ya wiki hii tu. Anayechagua kwa kutazama jumla pekee huenda akalipia kazi nusu, au akalipia eneo ambalo nyumba yake haina.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kuisoma kotesheni ya aina hiyo, mambo ambayo sheria inamhakikishia mwenye nyumba, na maswali ya kumuuliza mwanakandarasi kabla ya pesa kutoka mfukoni. Serikali ya kaunti haimpendekezi mwanakandarasi yeyote wala aina yoyote ya bidhaa.

JOTO HUINGIA WAPI?

Mombasa iko takriban nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, jua la adhuhuri hupita karibu kabisa juu ya utosi. Kwa hiyo sehemu ya nyumba inayopigwa na jua zaidi ni paa, kuliko kuta. Bati lililopigwa na jua la saa saba mchana linaweza kuzidi nyuzi 60. Bati hilo hutupa joto chini kwa mnururisho, kama vile mtu anavyohisi joto la jiko la makaa akiwa amesimama mbali nalo. Dari hupata joto, kisha nayo hulitupa kwa watu walio chumbani.

Wazee wa Pwani walilijua jambo hili kabla ya mabati kufika. Nyumba za mawe za Mji wa Kale zilijengwa kwa kuta nene za matumbawe zilizopakwa chokaa nyeupe, na nyumba za makuti ziliachia hewa ipite katikati ya majani. Bati jembamba halina unene wa jiwe wala halipitishi hewa kama makuti. Ndiyo maana linahitaji kusaidiwa.

Msaada huo ni wa namna nne, na kotesheni nzuri hueleza ni upi unaouzwa. Wa kwanza ni rangi nyeupe ya kurudisha mwanga juu ya paa. Wa pili ni karatasi ya foili chini ya mabati. Wa tatu ni tabaka nene la pamba ya kioo au povu gumu juu ya dari. Wa nne ni matundu ya kutoa hewa moto iliyonaswa kati ya bati na dari. Kila namna ina kazi yake, na bei ya moja haiwezi kulinganishwa na bei ya nyingine kama vile ni kitu kimoja.

KWANZA, KIPIMO

Kabla ya kumwita fundi yeyote, mwenye nyumba anafaa kujua vipimo viwili: eneo la dari na eneo la paa. Watu wengi hudhani ni kitu kimoja, lakini sivyo.

Chukua nyumba ya mfano huko Kongowea, ya ghorofa moja, yenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 9. Dari yake ni mita 90 za mraba. Paa ni kubwa zaidi, kwa sababu linatokeza nje ya kuta na limeinama. Likitokeza sentimita 60 kila upande, urefu unakuwa mita 11.2 na upana mita 10.2, yaani mita 114 za mraba. Likiinama kwa nyuzi 20, eneo halisi la mabati linafika karibu mita 122 za mraba.

Tofauti ni mita 32. Foili inayofungwa chini ya mabati huhesabiwa kwa eneo la paa. Pamba au povu linalolazwa juu ya dari huhesabiwa kwa eneo la dari. Kotesheni inayohesabu kila kitu kwa kipimo cha paa inamuuzia mwenye nyumba mita ambazo hazitawekwa popote.

KOTESHENI TATU, NYUMBA MOJA

Nyumba hiyo ya mfano imepata kotesheni tatu. Bei zilizotumika hapa ni za kufundishia hesabu tu. Si bei za soko, nazo hubadilika kutoka duka hadi duka.

Kotesheni ya kwanza ina mstari mmoja: "Kazi ya kuzuia joto nyumba nzima, vifaa na ufundi, Sh180,000." Haisemi kifaa gani, unene gani wala mita ngapi. Fundi akiweka foili peke yake na kuondoka, atakuwa ametimiza alichoandika. Karatasi hii haiwezi kulinganishwa na nyingine yoyote, na mzozo ukitokea haimsaidii mwenye nyumba. Hatua inayofaa ni kumwomba fundi aiandike upya kwa mistari. Fundi mwaminifu hatakasirika.

Kotesheni ya pili imeandikwa hivi:

Foili chini ya mabati, mita 122 kwa Sh350: Sh42,700.
Pamba ya kioo ya milimita 50 juu ya dari, mita 90 kwa Sh650: Sh58,500.
Mbao za kushikilia, skurubu na misumari: Sh18,000.
Matundu ya hewa manne, kila moja Sh4,500: Sh18,000.
Mafundi wawili kwa Sh1,800 na wasaidizi wawili kwa Sh1,000, siku sita: Sh33,600.
Usafiri na jukwaa la kupandia: Sh9,000.
Kusafisha na kuondoa taka: Sh3,000.
Jumla: Sh182,800. VAT ya asilimia 16: Sh29,248. Jumla kuu: Sh212,048.

Kotesheni ya tatu ni hii:

Povu gumu la milimita 25 juu ya dari, mita 122 kwa Sh500: Sh61,000.
Kurekebisha dari: Sh38,000.
Ufundi: Sh45,000.
Usafiri: Sh15,000.
Jumla: Sh159,000.

Kwa mtazamo wa haraka kotesheni ya tatu ni nafuu kwa zaidi ya Sh53,000. Ikisomwa mstari kwa mstari, picha hubadilika.

Kwanza, povu linalazwa juu ya dari yenye mita 90, lakini limehesabiwa kwa mita 122. Mita 32 za ziada kwa Sh500 ni Sh16,000 zisizo na kazi.

Pili, unene ni nusu. Nguvu ya tabaka kuzuia joto huitwa ukinzani wa joto, na huandikwa kwa herufi R kwenye vifungashio vingi. Hupatikana kwa kugawanya unene wa tabaka, kwa mita, kwa kipimo cha jinsi kifaa kinavyopitisha joto. Pamba ya kioo na povu gumu vyote hukaribia 0.04 katika kipimo hicho. Kwa hiyo milimita 50 hutoa R ya takriban 1.25, na milimita 25 hutoa 0.63. Jina la kifaa halibadilishi hesabu hiyo sana. Unene ndio hasa unaoibadilisha.

Tatu, povu la unene sawa na wa kotesheni ya pili, kwa kipimo sahihi cha dari, lingegharimu mita 90 kwa Sh1,000, yaani Sh90,000, ikiwa bei hupanda sawa na unene. Jumla ingefika Sh188,000.

Nne, kuna Sh38,000 za kurekebisha dari bila maelezo. Huenda dari imeoza kweli mahali fulani, na huenda haina tatizo lolote. Fundi aeleze ni mita ngapi, katika chumba kipi na kwa ubao gani. Na kama dari ina kasoro kweli, basi ni mwenye kotesheni ya pili aliyeisahau, naye aulizwe.

Tano, VAT haikutajwa. Ikija kuongezwa siku ya malipo, Sh159,000 zitakuwa Sh184,440.

Ili kulinganisha kwa haki, mwenye nyumba aondoe kila kitu ambacho hakipo katika kotesheni zote mbili. Kotesheni ya pili bila foili wala matundu ya hewa, kabla ya VAT, ni Sh122,100. Ya tatu, ikiwa na unene na kipimo sahihi na bila marekebisho ya dari, ni Sh150,000. Kwa kazi ileile, iliyoonekana ghali ndiyo nafuu.

Hesabu hii ina faida nyingine kwa familia ambayo haiwezi kulipa Sh212,000 kwa mkupuo. Kotesheni yenye mistari inaweza kukatwa vipande. Foili na matundu ya hewa yanaweza kufungwa mwaka huu, na pamba ikawekwa mwaka ujao, mradi fundi aandike upya gharama ya ufundi ya kila awamu. Kotesheni ya mstari mmoja haimpi mtu nafasi hiyo.

KILA KIFAA NA MASHARTI YAKE

Foili hufanya kazi kwa sababu uso wake unaong'aa hautupi joto jingi kwa mnururisho. Lakini inahitaji nafasi ya hewa, angalau sentimita mbili na nusu, kando ya uso huo. Ikibanwa kati ya bati na ubao bila nafasi, inageuka karatasi ya kawaida ya chuma na kupitisha joto. Uso unaong'aa pia ukitazama juu hujaa vumbi na kupoteza nguvu, hivyo ni bora utazame chini. Kotesheni ieleze itafungwa vipi.

Pamba ya kioo haishiki moto kwa urahisi, lakini ikilowa hupoteza nguvu yake na kuwa mzigo juu ya dari. Nyuzi zake huwasha ngozi na koo, hivyo mafundi wanahitaji glavu, barakoa na miwani, na familia isikae chumbani wakati wa kazi. Ikigandamizwa ili itoshe mahali pembamba, unene hupungua na R hupungua nao.

Povu gumu ni jepesi na haliharibiwi na unyevu kwa urahisi, lakini aina nyingi huungua kwa moshi mzito mweusi. Mwenye nyumba aombe aina iliyotiwa dawa ya kupunguza kasi ya moto, na neno hilo liandikwe kwenye kotesheni. Povu la polistirini pia likigusana na nyaya za umeme zenye ganda la plastiki ya PVC kwa muda mrefu, huliharibu ganda hilo. Nyaya zipitishwe kwenye mabomba au zitenganishwe na povu.

Rangi nyeupe ya paa ni njia rahisi, lakini si ya kudumu. Vumbi, kuvu na chumvi ya bahari huipunguza weupe, na inahitaji kuoshwa na kupakwa upya. Bati lenye kutu lisugwe na kupakwa rangi ya kwanza kabla, na kazi hiyo iwe na mstari wake.

Kwa nyumba zilizo karibu na bahari, kama zile za Mkomani, kuna jambo jingine. Chumvi ya hewani hula misumari na skurubu haraka. Kotesheni itaje skurubu zisizoshika kutu. Senti chache za tofauti kwa kila skurubu huamua kama foili itabaki juu au itaanguka baada ya misimu michache ya kusi.

YANAYOSAHAULIWA

Kotesheni nyingi huanza na vifaa vya kuzuia joto kana kwamba paa liko sawa. Paa linalovuja litengenezwe kwanza. Fundi aliyeandika kotesheni bila kupanda darini amekisia. Ni haki ya mwenye nyumba kumwuliza alipanda lini na aliona nini: mbao za kenchi zilizoliwa na mchwa, viota, popo, au alama za maji.

Umeme ni jambo la pili. Nyaya zikifunikwa na pamba nene hupata joto zaidi kuliko zikiwa wazi, na taa zilizozamishwa darini zinahitaji nafasi ya kupumua. Nyaya kuukuu zikaguliwe na fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati na petroli, kabla ya kufunikwa.

La tatu ni zito zaidi. Baadhi ya nyumba za zamani zina mapaa ya asbestosi, mabapa ya kijivu yenye mawimbi. Vumbi lake likivutwa linaweza kuleta saratani na magonjwa ya mapafu miaka mingi baadaye. Asbestosi imo katika orodha ya taka hatari chini ya kanuni za usimamizi wa taka za mwaka 2006. Fundi anayesema ataitoboa, ataikata kwa msumeno au ataitupa jalalani anaihatarisha familia, majirani na yeye mwenyewe. Mwenye nyumba anayeshuku paa lake asiligusishe kitu; awasiliane na NEMA apate mwongozo, na kazi ya kuondoa ifanywe na wenye leseni. Gharama hiyo ni kotesheni ya peke yake.

Mwisho ni majira. Mabati yakifunguliwa wakati wa masika, kuanzia Aprili, mvua moja inaweza kuharibu dari nzima. Kotesheni ieleze siku ya kuanza, siku ya kumaliza, na nani atagharimia uharibifu mvua ikiingia paa likiwa wazi.

NI NANI ATAKAYEIFANYA KAZI?

Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, husajili wanakandarasi katika madaraja manane, kuanzia NCA 1 hadi NCA 8. Pia hutambua mafundi stadi na wasimamizi wa mijengo. Mwenye nyumba aombe nambari ya usajili na leseni ya mwaka huu, kisha aihakikishe kwa mamlaka yenyewe. Cheti cha zamani kilichowekwa ukutani hakitoshi.

Anayetoza VAT lazima awe amesajiliwa kwa kodi hiyo na Mamlaka ya Ushuru, KRA. Asiyesajiliwa hana ruhusa ya kuitoza. Kwa hiyo kotesheni yenye mstari wa VAT iwe na PIN ya KRA, na malipo yafuatwe na ankara ya eTIMS. Pia mwenye nyumba aombe kuona kazi mbili zilizofanywa zamani kidogo. Kazi ya wiki iliyopita hung'aa daima. Ile iliyopitia masika mawili ndiyo inayosema kweli.

Kuweka pamba juu ya dari ni kazi ndogo. Lakini kazi ikihusisha kubadilisha umbo la paa, kuinua kuta au kuongeza mzigo mkubwa juu ya jengo, hiyo ni ujenzi, nao unahitaji idhini ya kaunti chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Mwenye shaka aulize kwanza katika idara ya kaunti inayohusika na ardhi na nyumba, akiwa na kotesheni yake mkononi.

WANAOISHI KWENYE FLETI

Wakazi wa ghorofa za juu katika fleti za Nyali wana tatizo tofauti. Paa la zege hufyonza joto mchana na kuliachia usiku, wakati watu wanapotaka kulala. Suluhisho huwekwa juu ya zege: rangi nyeupe ya kurudisha mwanga, au povu gumu lililofunikwa kwa zulia la saruji, pamoja na kizuia maji.

Lakini paa la fleti kwa kawaida ni mali ya pamoja ya wamiliki wote wa jengo. Mmiliki mmoja hawezi kutia saini kotesheni ya kulifanyia kazi bila idhini ya kampuni au kamati inayosimamia jengo. Mpangaji naye apate kibali cha maandishi cha mwenye nyumba, na wakubaliane nani analipa, kabla ya fundi kufika.

MALIPO NA MAKUBALIANO

Kotesheni ikikubaliwa igeuzwe makubaliano yenye saini za pande mbili, tarehe, na nakala kwa kila mmoja. Malipo yafuate kazi. Mpangilio mmoja unaofaa ni sehemu ya kununulia vifaa, sehemu ya pili kazi ikifika nusu, na ya mwisho ikikamilika na kukaguliwa. Ikiwa fundi anahitaji pesa za vifaa, mwenye nyumba anaweza kwenda naye dukani na kulipa mwenyewe, risiti ikiandikwa jina lake.

Katika kandarasi za ujenzi nchini ni kawaida kubakiza kiasi fulani, mara nyingi asilimia 10, hadi muda wa kugundua kasoro upite. Kwa kotesheni ya pili ya mfano wetu, asilimia 10 ni takriban Sh21,200. Inatosha kumrudisha fundi foili ikianza kuning'inia.

Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inampa mwenye nyumba kinga nyingine. Makubaliano yakiwa na makadirio ya bei, mtoa huduma hawezi kudai zaidi ya asilimia 10 juu ya makadirio hayo, isipokuwa pande mbili zimekubaliana kazi ya ziada. Kwa kotesheni ya Sh212,048, kikomo ni takriban Sh233,253. Ndiyo sababu kazi yoyote ya ziada iandikwe na kutiwa saini siku hiyohiyo, hata kama ni kwenye karatasi ya daftari. "Mama, tutaelewana baadaye" si makubaliano.

MZOZO UKITOKEA

Mwenye nyumba aanze kwa barua au ujumbe wa maandishi unaotaja kasoro na siku ya kuirekebisha, akiambatisha picha. Malalamishi dhidi ya mwanakandarasi aliyesajiliwa yanaweza kupelekwa NCA. Ikishindikana, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, ambayo husikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni. Mdai anaweza kujieleza bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Huko karatasi ndizo zinazozungumza: kotesheni yenye mistari, makubaliano, risiti, ujumbe wa M-Pesa na picha za kabla na baada.

MASWALI KUMI YA KUULIZA KABLA YA SAINI

1. Umepanda darini mwenyewe, na umeona nini?
2. Kipimo hiki ni cha paa au cha dari?
3. Ni kifaa gani hasa, na kina unene wa milimita ngapi?
4. Foili itaachiwa nafasi ya hewa kiasi gani, na uso unaong'aa utatazama wapi?
5. Povu limetiwa dawa ya kupunguza moto? Nyaya zitalindwa vipi?
6. Hewa moto ya darini itatokea wapi?
7. Bei imejumuisha VAT, usafiri, jukwaa na kuondoa taka?
8. Bei hii itadumu hadi tarehe gani?
9. Kazi itaanza na kumalizika lini, na mvua ikiingia nani atalipa?
10. Kazi na vifaa vina udhamini wa muda gani, kwa maandishi?

Mwanakandarasi anayejua kazi yake hujibu maswali haya kumi kwa nusu saa. Yule anayesema hayana maana amekwisha kutoa jibu lake, na amelitoa kabla ya kulipwa.